Mama wa Haiti akisema "move san", chukua mashine ya presha

Mimi ni nesi mkunga, nafanya kazi Boston, na huku Mattapan Wahaiti ni wengi, kuna siku kliniki nzima nasikia Kikreyoli tu. Kosa la kwanza, na mimi nimelifanya sana nilipoanza, ni kumwitia mama mkalimani wa Kifaransa. Mtu anaitikia tu "wi, wi", unamaliza maelezo yote ya vidonge unajua kaelewa, kumbe ni heshima. Haiti kila mtu anaongea Kikreyoli, Kifaransa ni cha wachache waliosoma sana, ni sawa na kumletea bibi wa Kigoma mkalimani wa Kiingereza eti kwa sababu mahakama kuu huwa wanaandika Kiingereza.

Ila lugha peke yake haitoshi. Kuna kitu wanaita move san, damu mbaya. Mama mjamzito au anayenyonyesha akipata mshtuko, kagombana na mume, au simu imeingia usiku kutoka Port-au-Prince kwamba ndugu kauawa, basi damu inaharibika inapanda kichwani, na maziwa nayo yanaharibika, hayo wanayaita lèt gate. Sasa mama ana siku ya sita tangu ajifungue, kichwa kinamuuma balaa, anaona nyotanyota, hospitali ya nini wakati anajua kabisa kimetoka wapi na majani ya kuchemsha yapo? Mimi nikisikia hivyo nasikia kifafa cha mimba kinapiga hodi. Presha ya mimba haiishi kondo likitoka jamani, inaweza kuja hata wiki sita baadaye, na huko kwao ni moja ya vitu vinavyoua wazazi wengi sana.

Kuna mmoja nilimpigia kumuulizia mtoto tu, move san akaitaja juujuu, kama mtu anavyotaja mvua. Nikamwambia dada, sibishi, inawezekana ni hiyo, ila njoo nikupime. 170 kwa 112. Usiku huohuo yuko kwenye dripu ya magnesiamu, ile ya kuzuia kifafa. Ningeanza kumwambia hizo ni imani potofu, sidhani kama angekuja.

Na kutotuamini wana sababu. 1983 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliwaweka Wahaiti kwenye makundi ya hatari ya ukimwi, yaani utaifa ndo ukawa ugonjwa, wakaja kuwatoa 1985. 1990 tena FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wakawakataza kuchangia damu, mpaka watu kwa maelfu wakaandamana New York wakavuka daraja la Brooklyn. Bibi anayemsindikiza binti yake kliniki leo hayo aliyaona kwa macho yake.

Kwa watoto wachanga kitu cha kuuliza ni lok. Ni dawa ya kumsafisha mtoto tumbo litoe kile kinyesi cheusi cha mwanzo, wanachanganya mafuta ya nyonyo na vingine kila nyumba na yake. Maziwa ya njano ya mwanzo yanafanya kazi hiyohiyo bila kumharisha mtoto akakaukiwa maji. Ukiuliza "unanyonyesha?" utajibiwa ndiyo, na ni kweli. Uliza "amepewa nini kingine?" halafu nyamaza, bibi atajibu. Bafu za majani ya moto za mzazi wala sizigusi, kwani sisi si tunakandwa? Nakataza tu kwa aliyepasuliwa, mpaka kidonda kikauke.

Halafu wengi hawajaja moja kwa moja, wamepita Brazil au Chile, wakatembea Darién, ule msitu wa kati ya Kolombia na Panama, na watoto mgongoni, kadi za chanjo ziko Kireno au Kihispania, nyingine zimelowa hazisomeki. Anayezaliwa Marekani anapimwa selimundu palepale, jimbo lolote lile, ila huyu wa njiani usidhani kuna aliyempima. Akiletwa wa miaka miwili kazaliwa Chile, vidole vimevimba na analia ukimshika, natuma damu maabara ipimwe selimundu kwanza, kadi nitakuja kuisoma baadaye.