Mionzi na Pumzi: Usibane Usipoambiwa

"Mashine ikianza kulia mie najikaza, sivuti pumzi mpaka inyamaze." Wagonjwa wa Tanga wanaosafiri kwenda Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi husema hivi kwa fahari, na jirani aliyewahi kutibiwa humfundisha mwenzake. Ni kosa, tena kosa kubwa.

Uvimbe wa pafu, hasa ulio chini karibu na kiwambo (msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo), hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Unaweza kusogea sentimita moja hadi mbili. Ini nalo ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo kabla ya tiba hupigwa siti skani, picha ya ndani ya mwili, inayofuatisha pumzi: kuvuta na kutoa hugawanywa hatua 10, kisha eneo la kupigwa mionzi huchorwa likizunguka njia yote ya uvimbe. Jahazi lililotia nanga Deep Sea, pale Tanga, huyumba, lakini mwenyewe anajua mwisho wake. Ukijaza kifua ukabana, uvimbe unashuka nje ya mchoro, na mionzi inaangukia nyama isiyo na ugonjwa. Ukiachia, unahema kama uliyetoka mbio, pumzi kubwa zisizofanana na zile za siku ya skani. Mpango wako ukiwa wa kupumua kawaida, basi pumua kawaida!

Wapo wanaoambiwa wabane, hasa wenye saratani ya titi la kushoto. Kifua kikijaa, moyo hushuka na kuachana na ukuta wa kifua, ukaepuka mionzi. Hapo utasikia: "Kaka yangu mzamia pweza kanifundisha kubana dakika mbili." Dakika mbili za nini? Zinatosha sekunde 20 hivi, mradi kifua kifike kimo kilekile kila mara, kikipishana milimita chache tu.

Ukiambiwa utabana, anza mazoezi wiki moja kabla ya skani. Lala chali kwenye mkeka, mikono juu ya kichwa. Pumua kawaida mara mbili tatu, vuta kwa pua, bana, hesabu hadi 20, achia taratibu. Rudia mara tano, asubuhi na jioni. Mtu wa nyumbani apitishe kiganja chini ya kiuno chako: kikipita kwa urahisi zaidi unapovuta, unainua mgongo. Kifua kitaonekana kimepanda, na moyo uko palepale.

"Nikikohoa nimeharibu dozi." Hapana. Inua mkono, wanakuona kwenye kamera, wanazima, kisha mnaendelea pale mlipoishia.

"Kila anayepigwa mionzi hubana pumzi." Si kweli. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, cha kuangalia ni kibofu. Kunywa maji kiasi ulichoelekezwa, kwa saa uliyoelekezwa.

"Mkanda wa tumbo ni wa kumfunga mgonjwa asitikisike." Sivyo. Kazi yake ni kukandamiza tumbo ili kiwambo kisisogee sana. Ukija umetoka kula sahani ya wali, utakuumiza na hautakaa kama ulivyokaa siku ya skani. Kula saa mbili au tatu kabla, kidogo, na iwe hivyo kila siku ya matibabu.