Mtoto Amevishwa Kifaa, Mbona Hasemi?

Kila Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, kampeni hujaza foleni za vipimo vya masikio hapa Mombasa. Baadaye huja foleni nyingine, ya wazazi wanaorudisha vifaa vya kusikia wakilalamika kwamba havifanyi kazi. Tukivikagua, mara nyingi ni vizima. Makala haya yanawahusu walio kwenye foleni hiyo ya pili.

Kifaa hukuza sauti na kuifikisha sikioni, basi. Lugha hakifundishi. Mtoto mwenye masikio mazima husikiliza karibu mwaka mzima kabla ya kutamka neno la kwanza, na nyumbani hakuna anayenung'unika. Kwa mtoto wa vifaa, mwaka huo huanza siku alipovishwa. Huo ndio umri wake wa kusikia. Mtoto wa miaka 2 aliyepata vifaa miezi 4 iliyopita tunamtarajia atulie akisikia sauti ya mamake, ageuke akiitwa, na aanze kubwabwaja. Kumdai sentensi ni kumwonea.

Umri huo pia huhesabiwa kwa saa za kuvaa. Tuseme mtoto huwa macho saa 12 kwa siku. Akivaa saa 3 tu, "za mazoezi" kama wengi wanavyotueleza, atahitaji miaka 4 kusikia anachosikia mwenzake kwa mwaka mmoja. Vifaa huvaliwa akiamka na kuvuliwa akilala au akioga. Lengo ni saa 10 au zaidi, na kuvivua kwa sababu wageni wamekuja hakumo katika maelekezo yetu.

Asubuhi, kabla ya chai, kagua. Betri mpya hubanduliwa kibandiko, ikaachwa wazi dakika moja au zaidi ipate hewa, ndipo ikawekwa; ukiifungia papo hapo huanza ikiwa dhaifu. Kurudisha kibandiko usiku ili kuiokoa ni kujisumbua. Rangi ya kibandiko huonyesha saizi: chungwa ni 13, kahawia ni 312, buluu ni 675. Kisha tazama kile kipande laini kinachokaa ndani ya sikio pamoja na mrija wake. Ukiona matone ya maji kwenye mrija, sauti haipiti sawasawa, na huku kwetu, kwa joto la kaskazi na jasho la mtoto anayecheza uani, matone hayo si jambo la ajabu. Kichomoe kipande kutoka kwenye kifaa, upulize mrija kwa kipulizio cha mpira; jioni, mtoto akishavuliwa, ukioshe kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, upulize tena, ukiache kikauke usiku kucha. Kifaa chenyewe hakiguswi na maji. Usiku kifungue mlango wa betri, ukiweke ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vidonge vya kunyonya unyevu. Mchele hapana, una vumbi.

Kifaa kikipiga mluzi, mara nyingi kipande hakikuingia vizuri, sikio lina nta, au sikio limekua na kipande kimebaki kidogo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja huenda akahitaji kipande kipya kila miezi miwili au mitatu. Kupunguza sauti ili mluzi ukome ni kumzibia mtoto masikio mliyoyazibua.

Baada ya ukaguzi, pima kwa sauti sita: a, i, u, m, s, sh. Hizi zimechaguliwa kwa sababu zinapita kwenye ngazi zote za usemi, kutoka nzito za chini hadi nyembamba za juu. Kaa nyuma ya mtoto, usijizibe mdomo kwa mkono kwa sababu mkono huo unaibadilisha sauti. Jaribu kifaa kimoja kimoja. Tamka kwa sauti ya kawaida, ukibadilisha mpangilio na vituo vya kimya, ukiwa mita 1, halafu mita 3. Mtoto mchanga hugeuka au huacha kunyonya. Wa miaka miwili au mitatu hufundishwa kutia kizibo koponi kila asikiapo. Andika kwenye daftari. Asiposikia hata moja, anza na betri na mrija. Akikosa s peke yake, zile sauti nyembamba hazimfikii. Akichanganya i na u, ujue anasikia nusu ya chini tu ya vokali hizo, na kwake "kiti" na "kitu" ni neno moja.

Na hapa wazazi wanaopakua mazoezi ya Kiingereza kwenye intaneti wajihadhari. Kiingereza huweka wingi mwishoni mwa neno. Kiswahili chetu huuweka mwanzoni, kwenye silabi isiyo na mkazo: kikombe, vikombe. Ukanushi nao waweza kubebwa na pumzi tu: "atakuja" na "hatakuja" hutenganishwa na h, sauti dhaifu kabisa. Mtoto anayeikosa si mkaidi; amesikia ahadi pale uliposema hapana. Kwa hiyo mpe jozi hizo ndani ya shughuli, ukiwa karibu naye, na uipe silabi ya mwanzo uzito kidogo kabla ya kurudia sentensi kwa mwendo wa kawaida.

Ukaribu una hesabu yake. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua takriban desibeli 6. Kutoka nusu mita hadi mita 2 zimekwenda 12, na bado hujawasha feni. Zima runinga. Sogea, uwe chini ya mita 1, upande wa sikio lililo bora. Kupiga kelele hakusaidii: vokali huvimba, konsonanti huzama. Mwalimu wa chuo (madrasa) na wa shule amkalishe mbele, mbali na feni na dirisha la barabarani linalopitisha kelele za matatu na tuktuk.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji vifaa vya duka. Mama anakuna nazi: "Sikia! Nakuna nazi. Kuna, kuna, kuna." Sikio kwanza, jicho baadaye, taja kabla ya kuonyesha. Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 5, au hata 10, ukimtazama kwa kungoja. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Akisema "maji," mrudishie kwa kuongeza: "Ndiyo mwanangu, wataka maji baridi." Kumsimamisha mbele ya jamaa na kumwamuru "sema baba, sema baba" ni mtihani. Zungumzeni lugha ya nyumbani kwenu. Kama kwenu ni "ndoo" badala ya "njoo," endeleeni na "ndoo". Hakuna haja ya kumhamishia Kiingereza.

Lugha ya ishara haimzuii mtoto kusema. Kwa mtoto ambaye vifaa havimfikishii sauti za usemi, kuichelewesha ni kumwacha bila lugha yoyote, na hilo hatulishauri.

Kuhusu shule: mpeleke Kituo cha Tathmini na Raslimali za Elimu ukiwa na cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho chako na ripoti ya kipimo inayosomeka (grafu iliyopigwa picha kwa simu gizani huturudisha mwanzo). Usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni hatua tofauti, na huanza kwa tathmini ya hospitali; hatua moja haichukui nafasi ya nyingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haikumwondoa mtoto asiyesikia: mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwa ambao bado hawajapima: mlango ukibamizwa mtoto akageuka, hilo si kipimo. Mshindo ni mzito na hutikisa sakafu. Kukatwa kimio wala kutiwa mafuta masikioni hakuleti usemi. Mtoto apimwe ndani ya mwezi wa kwanza, tatizo lithibitishwe kufikia miezi 3, huduma zianze kufikia miezi 6. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo asingoje ratiba, kwani koklea, kile kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio, yaweza kuanza kuota mfupa ndani na kuufanya upandikizaji wa kifaa humo kuwa mgumu.

Usisubiri miadi pia sikio likitoa usaha, au sauti aliyokuwa akiisikia wiki iliyopita ikipotea ilhali betri ni mpya. Betri ikimezwa, au ikiingia puani au sikioni, nenda hospitali saa ile ile. Huunguza nyama za ndani. Kwa mengine, njoo na vifaa vyote viwili na daftari la sauti sita. Ukija bila daftari, nusu ya miadi itaishia kwenye maswali ambayo majibu yake yangekuwa humo.