"Mfumo uko sawa, hatujagusa kitu": dhana potofu kuhusu kupima upya huduma za wavuti

Mama mmoja mkulima wa zabibu kutoka Hombolo alifika ofisini kwetu Dodoma mjini, tunakoendesha mfumo wa kompyuta wa malipo ya wakulima, na stakabadhi ya mzigo aliouza wiki mbili nyuma. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza: "Mwanangu, wenzangu nao hawajapata. Hela zetu ziko wapi?" Nikamjibu, "Mama, mfumo uko sawa, hatujagusa kitu." Nilisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyotupotezea siku nzima.

Dhana: Usipobadilisha programu yako, hakuna cha kupima upya, yaani kurudia majaribio ya kukagua kama kilichofanya kazi jana bado kinafanya kazi leo.

Programu yetu haikuwa imebadilika. Iliyobadilika ni huduma ya wavuti, yaani programu inayojibu maombi ya programu nyingine kupitia mtandao, ya kampuni nyingine tuliyoitegemea kuhakiki namba za simu za wakulima. Awali ilituma namba kama maandishi. Baada ya maboresho ikaanza kuzituma kama namba za hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haihesabiwi. Namba ya tarakimu 10 ikawa inatufikia ikiwa na 9, hailingani na yoyote katika daftari letu, malipo yanazuiwa. Majaribio yetu yangeligundua hilo kwa dakika moja, ila tulikuwa tukiyaendesha siku tunapobadilisha kitu tu, na kwa miezi miwili hatukuwa tumebadilisha chochote.

Kosa hili halikuanza na wavuti. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na programu ya uelekezaji iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda pembeni. Kipimo cha mwendo huo kikazidi 32,767, namba kubwa kuliko zote inayoingia katika nafasi ya biti 16 iliyotengwa, kikakosa pa kukaa, na roketi ikalipuka sekunde zipatazo 40 baada ya kuruka. Programu ilikuwa ileile, mazingira ndiyo yaliyokuwa mengine. Ukitegemea huduma ya mtu mwingine, mazingira yako hubadilika siku yoyote anayotaka yeye, kwa hiyo majaribio yaendeshwe kwa ratiba, kila siku, hata timu ikiwa likizo.

Dhana: Jibu likija na 200, mambo yako sawa.

Hapa ndipo vijana wengi ninaowafundisha hukwama. 200 ni namba ya hali inayoambatana na jibu la huduma ya wavuti; inakwambia ombi limepokelewa na kushughulikiwa. Kuhusu maana ya kilichomo, haisemi lolote. Tuseme huduma inatoa bei ya mahindi ya soko la Kibaigwa, na siku moja inahama kutoka bei ya gunia la kilo 100 kwenda bei ya kilo. Uga, yaani sehemu ya jibu inayobeba bei, ni uleule, jina ni lilelile, namba ni namba halali, na mnunuzi anaoneshwa bei iliyogawanywa kwa 100. Jaribio linalokagua umbo tu litapita. Jaribio linalouliza kama bei ya leo imeachana mno na ya jana litapiga kelele.

Saa nazo ni mtego. Huduma ikianza kutumia UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3, malipo ya saa saba usiku yataandikwa saa nne usiku ya jana yake. Hesabu za siku mbili zinavurugika. Ukipima mchana tu hutaliona, maana mchana tarehe ni moja kote kuwili. Weka jaribio lenye muamala wa usiku wa manane.

Dhana: Kuongeza kitu kipya hakumvunjii mtu chochote.

Mara nyingi ni kweli, si mara zote. Kama hali za malipo zilikuwa "yamekamilika" na "yamekataliwa", kisha ikaongezwa "yanasubiri", programu iliyoandikwa kwamba kila kisichokataliwa kimelipwa itamwonesha mkulima hela ambayo hajaipata.

Dhana: Tuna seva ya kuigiza, basi tuko salama.

Seva ya kuigiza ni programu unayoitengeneza mwenyewe ijifanye huduma halisi wakati wa majaribio, nayo inajibu ulichoifundisha siku ulipoitengeneza. Huduma halisi ikibadilika, yenyewe inaendelea kujibu kizamani na majaribio yako yanapita. Inafaa kwa kasi ya kazi za kila siku, lakini angalau maombi machache yafike kwenye huduma halisi.

Wengine wakakimbilia upande wa pili: wanahifadhi jibu zima la jana na kudai la leo lifanane nalo herufi kwa herufi. Bei hubadilika, tarehe hubadilika, kwa hiyo jaribio linafeli kila asubuhi, na baada ya wiki hakuna anayelitazama. Kaeni chini na wanaojua kazi yenyewe, mhasibu na karani wa mizani, mtenganishe kinachoruhusiwa kubadilika na kisichoruhusiwa. Kwetu bei inaruhusiwa, kipimo chake hakiruhusiwi. Idadi ya wakulima inaruhusiwa, tarakimu 10 za namba ya simu haziruhusiwi. Orodha yetu ilijaa ukurasa mmoja wa daftari, na nusu yake ilitoka kwa karani.