Tundu la hewa na hita ya gesi: mambo tunayodanganyana

Julai ya mwaka jana, kwetu Limuru, nilimkuta dada yangu ameketi sakafuni nje ya bafu, taulo mwilini, hawezi hata kusimama, anatapika na kichwa kinamgonga, na sisi wote tukafikiri ni malaria. Bafuni kulikuwa na ile hita ya gesi ya ukutani na lile tundu la juu ya dirisha lilikuwa limejazwa magazeti na wapangaji waliotutangulia, eti kuzuia baridi. Hospitalini walimwekea oksijeni akapona. Tangu hapo nikisikia watu wakiambiana haya mambo siwezi kunyamaza.

Ya kwanza ni hii, "kukiwa na shida nitasikia harufu". Gesi ikivuja ndio utasikia, manake inatiwa kemikali ya kunuka makusudi. Lakini kilichomwangusha dada ni kaboni monoksaidi, inatokea gesi ikiungua bila hewa ya kutosha, na hiyo haina harufu wala rangi, haikuwashi macho kama moshi wa kuni, na inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Halafu kuna wale wa "nikihisi vibaya nitafungua dirisha". Utafungua na nini? Miguu inaisha nguvu na akili inachanganyikiwa kabla hujaelewa kinachoendelea, na aliyelala haamki. Ndio maana tundu linatakiwa liwe wazi saa zote, usiku na mchana, baridi iwepo isiwepo.

Na tusidhani hewa ya chumba haiishi. Kilo moja ya gesi ya mtungi inahitaji hewa kama mita za ujazo 12 ndio iungue vizuri. Hita ndogo ya kuogea, ile ya lita 6 kwa dakika, ikiwaka mfululizo inakula karibu kilo nzima kwa saa, kwa hiyo mtu mmoja akioga dakika 10 imeshameza mita 2 za ujazo, na bafu nyingi za kupanga za mita moja na nusu kwa mbili zina kama 7 tu zote, sasa piga hesabu watoto watatu wakifuatana asubuhi kabla ya shule na mlango umefungwa. Kwa hita ya sebuleni angalia vioo: kila kilo ya gesi ikiungua inatoa maji zaidi ya lita moja na nusu kwa njia ya mvuke, so madirisha yakianza kutiririka jasho jua hewa haitoki. Moto ukitoka bluu ukawa njano, zima.

Sasa hapa kwa "gesi hupanda juu, tundu moja la juu linatosha" hata mafundi wanakosea. Inayopanda ni gesi asilia ya bomba, kama ile ya nyumba zilizounganishwa Dar na Mtwara. Ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni mpaka ipate cheche. Hewa chafu ya moto ndio inapanda na joto lake. Kwa hivyo unataka matundu mawili, moja chini karibu na sakafu na lingine juu karibu na dari, yote yatoke nje kabisa, sio kwa korido wala kwa store. La chini usiliwekee kochi mbele. Na yasikae karibu na mdomo wa bomba la moshi, manake utakuwa unatoa moshi huku unaurudisha huku.

Feni ya kutoa hewa watu wanaipenda sana, lakini kama hakuna mahali hewa inaingilia, feni itaivuta kupitia bomba la moshi la hita, na moshi uliokuwa unatoka unageuka unakujia wewe.

Kwa bafu, mimi nasema hita itoke nje tu. Yetu tulihamishia ukuta wa nyuma, mbali na madirisha, kazi ya nusu siku, na maji ya moto yanaingia kwa paipu kama kawaida.

Nyingine ndogo lakini inaua: wavu wa mbu kwenye tundu. Baada ya miezi kadhaa unajaa vumbi na nyuzi za nguo mpaka unakuwa kama blanketi, na kwa macho tundu bado liko. Weka wavu wa macho makubwa wa kuzuia panya tu, na uusugue kwa brashi. Kisha washa hita, shika kipande cha tishu mbele ya tundu la chini, uone kama kinapepea kuja ndani. Kikining'inia tu hakisogei, zima hita saa hiyo hiyo na usiiwashe tena mpaka fundi aje.