Gauti, supu ya asubuhi na mambo tunayodanganyana huku Moshi

Mwaka wa nne huu naishi na gauti, ule ugonjwa wa maumivu makali ya jointi, na kitu kilichoniuma kuliko hata kidole gumba cha mguu ni ile Krismasi ya kwanza nyumbani Kibosho, mbuzi anachunwa pale migombani, ndugu wote wamezunguka moto, mi nimewekwa kwenye kiti na sahani ya wali na kabichi kama mgonjwa aliyeruhusiwa jana. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nusu ya vitu nilivyokuwa navionea hamu nilijinyima bure kabisa, halafu vile nilivyokuwa napiga nikijiona mjanja ndo vilikuwa vinanimaliza.

"Mi nyama sili, nakunywa supu tu"

Hii nimeiishi mwenyewe. Kuna jamaa Mbuyuni anachemsha toka alfajiri, nikitokea tu anauliza mangi leo na nyama au tupu? Tupu, ndimu nyingi, pilipili, huo mfupa rudisha. Chapati mbili, bakuli nalimaliza mpaka naona ua lililochorwa chini, naondoka najisifia nidhamu. Kumbe bana! Kwenye nyama kuna kitu kinaitwa purini, mwili ukikivunja unabaki na yuriki asidi, na hiyo ikizidi kwenye damu inaweza kuganda kwenye jointi kama visindano, ndo yale maumivu ambayo hata shuka likigusa mguu unapiga ukunga. Sasa purini inayeyuka kwenye maji, ukichemsha nyama muda mrefu sehemu yake inatoka inahamia kwenye supu. Yaani nilikuwa namrudishia jamaa nyama nabaki na mzigo wenyewe. Na kama humo ndani kuna maini na figo ndo usiseme, hivyo viwili purini yake ni ya juu sana.

"Maharage na mchicha marufuku"

Hapa nina kinyongo. Siku ya kwanza nilipewa karatasi ya fotokopi, sitaji wapi, imeandikwa usile maharage, njegere, mchicha, uyoga, sijui nini. Mwaka mzima sikugusa kiburu, na mi kiburu nimekula toka sijaota meno, zile ndizi zimepondwa na maharage mpaka rangi inakuwa ya udongo, unakula cha moto, kesho yake unakula kiporo ambacho ni kitamu zaidi. Ukweli ni kwamba maharage yana purini ndiyo, ila kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2004, wanaume zaidi ya 47,000 walifuatiliwa miaka 12, nyama na vyakula vya baharini vikaonekana kuongeza gauti, mboga zenye purini hazikuongeza, na waliokuwa wanatumia maziwa zaidi waliipata kidogo. Maziwa! Kwa hiyo kiburu na mtindi pembeni, kitu nilichokuwa nakiota usiku, ndo kilikuwa chakula changu halali muda wote.

"Mbege ni ya asili, haina shida"

Ndizi na ulezi sawa, lakini ni pombe, na pombe inaifanya figo ishindwe kutoa yuriki asidi vizuri. Kibuyu hakibadilishi kitu. Na wewe uliyehamia kwenye soda usicheke, sukari yake nayo inapandisha.

"Ukijinyima vya kutosha utapona"

Karibu theluthi mbili ya yuriki asidi inatokana na mwili wenyewe, chakula kinachangia kile kilichobaki, na wengi wetu tatizo ni figo kutoitoa ya kutosha. Ndo maana unaweza kula kabichi mpaka unafanana nayo na kipimo kikagoma kushuka. Mimi kilishuka chini ya mikromoli 360 kwa lita ya damu baada ya kuanza alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki asidi, daktari alianza na dozi ndogo akawa anapandisha taratibu, akanionya mapema kwamba miezi ya mwanzo mguu unaweza kulipuka tena nisikimbie dawa. Wengi wanakimbia hapohapo. Wengine wanaacha maumivu yakiisha, nao wanarudia palepale.

"Utazoea, hamu itaisha"

Nani kasema? Jumamosi jioni moshi wa nyama choma unakufuata mpaka ndani ya daladala. Ila siku hizi sili kabichi peke yangu tena. Krismasi iliyopita mama alinikatia vipande viwili vya mbavu, akaviweka kwenye kisosa cha chai makusudi ili nisiongeze, akasema "hivyo ni vya kwako, nimevihesabu." Nikavila taratibu kama mtu anayesoma barua. Shemeji akapita na bakuli la kisusio, ile supu yetu ya mbuzi yenye damu, linatoa mvuke, akaniangalia, nikamwonyesha kwa kidole, peleka kule kwa wazee.