Kuwekewa "mchele" si wizi tu: kesi za sumu zinavyohesabiwa

Msimu wa sherehe ukikaribia, sisi wa maabara ya serikali tunaulizwa sana habari za "mchele", yaani dawa ya kumlevya mtu inayotiwa kwenye kinywaji chake ili aibiwe, na swali huwa lile lile: mbona ripoti za serikali hazisemi ni watu wangapi waliotiliwa dawa kwenye vinywaji? Ripoti ya uhalifu huhesabu makosa kama yalivyoandikwa kituoni, kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi), na jedwali lake kuu halina safu ya sumu. Lina mauaji, makosa mengine dhidi ya mtu, unyang'anyi, wizi, dawa za kulevya na kadhalika. Aliyelevywa akaporwa simu, akifika kaunta akasema "nimeibiwa", ataandikiwa wizi. Aliyeuawa kwa sumu huhesabiwa pamoja na aliyekatwa panga. Kwa hiyo anayetangaza mtandaoni kwamba visa hivi vimezidi na anayembishia wanagombania jedwali lisilomjibu yeyote kati yao.

Sheria, kwa upande wake, hutenganisha. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu anayempa mtu dawa ya kumlevya ili apate kutenda kosa jingine. Hata akijaribu tu, anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 236 ni cha sumu iliyotolewa kwa nia ya kudhuru au kuudhi ikahatarisha uhai au kuleta madhara makubwa: kifungo hadi miaka 14. Madhara yasipofika hapo, ni kifungu cha 237, hadi miaka 5. Mtu akifa kwa kukusudiwa, shtaka ni mauaji, vifungu vya 203 na 204, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo. Shtaka huamuliwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kwa kusoma faili. Kama faili linasema wizi, atasoma wizi. Mweleze afisa ulikunywa nini, na nani, saa ngapi, na ulizindukia wapi.

Kabla ya kituo, hospitali. Dawa ya kulevya kama GHB, mojawapo ya zinazotiwa kwenye vinywaji, haikai kwenye damu hata nusu siku, na kwenye mkojo huwa imeisha baada ya takriban saa 12. Omba mkojo wa kwanza uhifadhiwe. P3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu madhara uliyopata, inaweza kujazwa baadaye, mkojo hausubiri. (Na jamani, maziwa si dawa ya sumu.)

Sampuli hufungwa, hupigwa lakiri, huandikwa jina na saa, kisha polisi huileta maabara ikiwa na fomu inayotaja kinachoshukiwa. Kutuandikia "pimeni sumu" ni kututuma sokoni bila kusema tununue nini, kwani hakuna mashine moja inayosoma sumu zote. Ripoti yetu hupokewa kortini chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi, ingawa mahakama inaweza kumwita aliyeiandika ahojiwe. Itataja kilichopatikana. Haitataja aliyekitia, hata mkituuliza mara kumi.

Yuko mama aliyetuletea mwenyewe glasi aliyonywea mwanawe, ameifunga kwenye leso. Tungemrudisha kituoni kwa vyovyote, maana kielelezo cha kesi hatukipokei mlangoni. Alipoifungua, glasi ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameiosha kwa sabuni, akasema aliona haya kuingia ofisi ya serikali na chombo kichafu.