Swichi ya Feni ya Toyota Si Mbovu, Acheni Kuunga Dairekti

Kauli ni ile ile gereji baada ya gereji: "Swichi hii imekufa bosi, tuunge dairekti." Feni imetolewa kwenye Corolla iliyokatwa, ikafungwa kwenye Hilux ya petroli badala ya ile inayozungushwa na wota pampu, ikaja na swichi yake ya joto. Injini ikiwa ya baridi feni inazunguka, ikipata moto feni inasimama. Basi swichi inatupwa, waya wa feni unavutwa hadi kwenye swichi ya funguo, na themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) nayo inatolewa siku hiyo hiyo "ili maji yapite vizuri." Swichi iliyotupwa ilikuwa nzima kabisa.

Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina swichi ya feni inayoshikana (inapitisha umeme) ikiwa baridi na kuachia (inakata) ikipata moto. Kwenye Corolla AE101 na ndugu zake huachia kwenye nyuzi 93 hivi na kushikana tena joto likishuka hadi 83. Relei (swichi ya umeme mkubwa inayovutwa na umeme mdogo) inayofanya nayo kazi ni ya aina hiyo hiyo: inapitisha umeme ikiwa imelala, yaani haijapata umeme wa kuivuta, na inakata ikivutwa. Mpango huu ni wa makusudi. Waya wa swichi ukikatika au soketi ikichomoka, feni inazunguka na silinda hedi inapona. Sasa chukua swichi hiyo uiunge na relei ya kawaida ya pini nne, inayopitisha umeme ikivutwa: kila kitu kinageuka kichwa chini, na lawama inaangukia kifaa kilichokuwa kinafanya kazi yake sawasawa.

Swichi za Ulaya, kama za Volkswagen, ni kinyume chake: zinashikana zikipata moto. Ile ya pini tatu ya 95/84 na 102/91 (namba ya kwanza ni joto la kushikana, ya pili la kuachia) inatoa hatua mbili, kwa mota yenye spidi mbili. Kwa hiyo kabla ya kununua spea yoyote Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi), kaa na malti mita na uulize swali moja: ikiwa baridi, pini zinapitisha au hazipitishi? Jibu hilo ndilo linaloamua relei utakayotumia.

Kisha ipime kwenye joto. Wengi wanachemsha maji kwenye sufuria, wanatumbukiza swichi, wanasubiri. Pwani njia hii inafaa kwa swichi za chini ya nyuzi 100. Nairobi au Mbeya inadanganya, maana kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 na hayapandi tena. Swichi ya 95 unaweza kuichemsha hadi maji yakauke isibadilike, na ukiitangaza mbovu unakosea. Ndani ya rejeta maji yamefungiwa na mfuniko wa shinikizo, hivyo yanapita 100 bila kuchemka. Ukiwa bara, tumia mafuta ya kupikia kwa moto mdogo sana, kipimajoto ndani, swichi ikining'inia bila kugusa sufuria, na usivuke nyuzi 110. Andika namba mbili, ya kubadilika joto likipanda na ya kurudi joto likishuka.

Sasa uungaji wenyewe. Kwa swichi inayoshikana ikipata moto kazi ni fupi, kwa relei ya pini nne na namba zilizoandikwa kwenye pini zake: pini 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda feni, 86 kwenye waya unaopata umeme funguo ikiwa ON, 85 kwenda swichi, na swichi kwenda bodi (chuma cha gari, yaani hasi ya betri).

Kwa swichi ya Toyota unahitaji relei mbili, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa. Ukitumia relei moja ya pini tano na kuchukua umeme wa feni kwenye 87a (pini inayopitisha umeme relei ikiwa imelala), itafanya kazi vizuri mpaka uzime gari. Funguo ikitoka, relei inalala, na 87a inapitisha umeme wa betri moja kwa moja kwenda kwenye feni. Asubuhi betri imekauka. Dawa ni kuweka relei ya pini nne mbele yake kama mlango: 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 86 kwenye waya wa ON, 85 bodi, 87 kwenda pini 30 ya relei ya pili. Relei ya pili ni ya pini tano: 86 kwenye waya ule ule wa ON, 85 kwenda swichi ya joto, 87a kwenda feni, na 87 unaiacha tupu ukiifunika kwa tepu. Baridi: swichi imeshika, relei ya pili imevutwa, feni kimya. Moto: swichi imeachia, feni inazunguka. Funguo ikitoka, mlango umefungwa. Huo ndio ulinzi uliokuwa kwenye gari ilikotoka feni, na ukiutupa umetupa sehemu bora ya spea uliyonunua.

Mitego miwili. Kuna relei za pini tano zenye 87 mbili badala ya 87 na 87a. Kwa macho zinafanana, hivyo soma maandishi ya kwenye pini. Na relei iliyoandikwa 40/30A ina maana upande wa 87a unabeba 30 tu.

Kuhusu dairekti, niseme kwa haki. Watu wanasema feni isiyozima inapoza injini kupita kiasi. Kama themostati ipo na ni nzima, hilo si kweli kwa kiasi kikubwa, kwa sababu themostati inajifunga na kubakiza joto ndani ya injini. Shida inakuja inapotolewa, na wanaounga dairekti karibu wote wanaitoa. Hapo injini ya EFI (inayopimiwa petroli na kompyuta) inaendelea kusoma ubaridi na kumwaga petroli ya ziada, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Rudisha themostati ya nyuzi 82, kisha hakikisha feni inazima juu ya namba hiyo. Swichi inayozimia 75 haitazima kamwe foleni ya Dar mchana.

Kinachoua gari kwenye dairekti ni umeme. Mota ya Corolla inakula ampea 7 hadi 10 ikizunguka, na inapoanza inavuta mara mbili au tatu ya hapo. Swichi ya funguo haikutengenezwa kubeba mzigo huo saa nzima. Inaungua ndani, na gari linazimika barabarani bila dalili. Tena feni inayozungushwa na upepo wa barabarani inazalisha umeme. Ikiwa imeungwa kwenye laini moja na koili ya cheche za plagi, unaweza kutoa funguo na injini ikaendelea kunguruma kidogo.

Feni yenyewe ichague kwa mkono kabla ya kuichagua kwa macho. Izungushe kwa kidole: iende laini, iendelee kidogo, isikwaruze. Vuta shafti juu na chini. Ikicheza, bushi zimekwisha. Iunge na betri na uweke klempu mita (kipima ampea kinachobana waya). Mota ndogo inayokula ampea 14 imechoka, na inayosita kuanza mpaka uisukume ina kaboni zilizoisha. Mota yenye nyaya nne, kama nyingi za Nissan, ina spidi mbili. Zile za magari mapya zenye kompyuta yake mgongoni ziache, hazizunguki bila ishara kutoka kwenye gari lake.

Nunua feni pamoja na kava lake. Hili nalisisitiza kwa sababu wauzaji wanalivunja ili watoe mota haraka. Feni ya kipenyo cha sentimita 30 inafagia takriban sentimita za mraba 707. Rejeta ya 50 kwa 40 ina 2,000. Bila kava, theluthi mbili ya rejeta haipati upepo gari likisimama, hata mota iwe na nguvu kiasi gani. Kava lifunike rejeta karibu yote, mabawa yakae sentimita 2 au 3 kutoka kwenye mapezi ya rejeta, na pembeni uzibe kwa sponji ngumu ili upepo usipite njia ya mkato. Lifunge kwa vyuma bapa kwenye fremu ya rejeta. Zile pini za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi zinasaga mirija kwa mtikisiko, na rejeta inavuja baada ya miezi.

Nyuma ya mota acha angalau sentimita 2.5 hadi kwenye puli, kwa kuwa injini inajitikisa kwenye mautingi zake. Ukishatoa feni ya zamani na klachi yake (kiungo kinachoishika feni kwa joto na kuiachia kwa baridi), angalia studi za wota pampu: nati zilikuwa zinabana klachi na puli kwa pamoja. Klachi ikitoka, nati inafika mwisho wa uzi kabla ya kuibana puli. Weka washa nene za kujaza unene ule, la sivyo puli itacheza na kula studi.

Ukigeuza nyaya za mota, itazunguka kinyume na upepo utaonekana kutoka, lakini mabawa yamepindwa kwa upande mmoja na nguvu inapungua sana. Feni ya nyuma ya rejeta ivute hewa kutoka mbele. Weka karatasi kwenye grili: ing'ang'anie.

Swichi ya joto inahitaji pa kukaa. Rejeta ya shaba inachomewa nati ya shaba yenye uzi unaolingana. Rejeta ya plastiki haichomewi, hivyo tumia kipande cha bomba chenye tundu la uzi, ukate mpira wa maji ukiweke katikati na vibano viwili. Bomba hilo limezungukwa na mpira, halina bodi. Swichi ya waya mmoja haitafanya chochote mpaka ulivutie bomba waya wa bodi, na hii ni sababu nyingine ya swichi nzima kuitwa mbovu. Ikikaa mpira wa chini, kumbuka maji ya huko yameshapoa, kwa hiyo chagua swichi ya namba ndogo kuliko ya mpira wa juu.

Waya wa milimita za mraba 4 unatosha kwa mota moja, 6 kwa mbili. Fyuzi ya 20A kwa mota ya ampea 10, na iwe karibu na betri, si karibu na feni. Bodi ya feni ipeleke kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukimaliza, washa injini, subiri feni ianze, kisha pima volti kwenye soketi ya mota. Kama betri ina 14.0 na kwenye mota unasoma 12.5, volti moja na nusu inaishia njiani kama joto, na mota inazunguka pole pole ukadhani ni ndogo. Tofauti isizidi 0.5. Washa taa zote na AC: volti za betri zikishuka chini ya 13 injini ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), alteneta haitoshi. Kama kuna AC, feni lazima iwake kila kompresa inaposhika, hata injini ikiwa baridi.

Na kabla ya yote haya, jiulize gari linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, tatizo ni upepo, na feni itasaidia. Likichemsha kwenye spidi 100, upepo upo wa kutosha. Kagua rejeta iliyoziba, wota pampu, gasketi ya hedi. Feni haigusi hayo.

Kwa dizeli inayobeba mzigo, kama Hilux ya injini ya 3L inayopanda mlima Kitonga kwa gia ya pili, mimi sipendekezi kabisa. Injini inazunguka juu, gari linatambaa, upepo wa barabarani haupo, na feni ya wota pampu wakati huo inavuta hewa nyingi kuliko mota mbili za Corolla. Gari la namna hiyo litafutie klachi ya feni nzima: ikiwa baridi izunguke kwa mkono bila shida, ikiwa ya moto ikatae, na mbele yake kusiwe na dalili ya mafuta kuvuja.